Kurepea nyumba za majirani huku Mtwara: maswali tunayoulizwa kila siku

Haya ni maswali tunayopigiwa simu, tunayosimamishwa nayo sokoni na yanayojirudia kwenye grupu la WhatsApp mpaka katibu anachoka kuandika. Tumeyapanga kwa mafungu, soma linalokuhusu. Swali likifanana na lingine tumekuelekeza uende huko, hatujarudia.

## Mambo ya mwanzo

Nyie ni nani hasa, NGO au serikali?

Sio NGO wala sio serikali. Ni majirani wa mtaa mmoja hapa manispaa ya Mtwara Mikindani tuliojiunga kikundi, tumejiandikisha ofisi ya maendeleo ya jamii kama vikundi vingine, tuna mwenyekiti, katibu, mhazini na kamati ya ukaguzi ambayo ndo inayotembea nyumba kwa nyumba. Wamo mafundi, mama lishe, bodaboda, wavuvi, walimu wastaafu. Hamna anayelipwa mshahara. Mwenyekiti wa mtaa anatujua na mjumbe anashirikishwa kila hatua ila kikundi sio cha kwao, tunalisema hili mana kuna watu wanaenda kumgombeza mwenyekiti wa mtaa wa watu eti kawanyima bati.

Mnatengeneza nini na nini hamtengenezi?

Paa linalovuja, nguzo zilizoliwa na mchwa, ukuta uliobomoka au kulika chini, mlango usiofunga, na choo cha shimo kilichotitia. Basi. Hatujengi nyumba mpya, hatuongezi chumba, hatupaki rangi, na jipsamu na marumaru msituulize kabisa.

Ni bure kweli au kuna kitu nyuma yake?

Hela hutoi hata mia. Nguvu unatoa kama unazo: kuchota maji, kukanda udongo, kubeba mchanga, kupika ugali wa mafundi siku ya kazi. Mwenye nyumba akiwa mzee asiyejiweza au mgonjwa haulizwi chochote, watu wa jirani wanamfanyia. Ikitokea mtu wa kikundi akakuomba "ya soda" au "ya kuandikisha jina" huyo anakula kwa jina letu, mwambie mjumbe au mhazini siku hiyo hiyo.

Kwanini msitupe hela tukajitengenezea wenyewe?

Mana hela ikifika ina wenyewe wengi. Mama mjane akipewa leo laki mbili za bati, jioni kuna deni la dukani, kesho kuna sare za mjukuu, keshokutwa kuna msiba kijijini na lazima aende, na wala hatumlaumu, na sisi tungefanya hivo hivo. Bati zenyewe tunazipiga alama ya rangi kwa ndani na tunazileta asubuhi ya siku ya kazi, hazilali kwa mtu, kwasababu bati likilala nje usiku mmoja tu linapata miguu.

Mnafika mpaka Chikongola, Magomeni, Naliendele?

Hapana, ni mtaa wetu tu. Sio roho mbaya, ni kwamba utaratibu wote unategemea sisi kumjua mtu na yeye kutujua, tukivuka mtaa tunaanza kutegemea maneno ya kuambiwa. Mkitaka kuanzisha kwenu njooni tuwaoneshe daftari na fomu zetu, hizo tunatoa bila shida. Hata watu wa Lindi na Masasi walioomba tumewapa.

## Nani anapata

Mnachaguaje nyumba?

Mtu anaombewa au anaomba mwenyewe, jina linaandikwa, kamati inaenda kuangalia ikiwa na mjumbe, alafu orodha inasomwa kwenye kikao cha wote na watu wanapinga au wanakubali pale pale mbele ya kila mtu. Tunaangalia vitu vitatu na kwa mpangilio huu: nyumba ina hatari kiasi gani, anayekaa humo ni nani (mzee peke yake, mwenye ulemavu, mjane na watoto, mgonjwa wa muda mrefu), na kama ana mtu wa kumsaidia kweli. Aliyetangulia kuomba sio lazima atangulie kurepewa. Ukuta ulioinama juu ya kitanda cha mtoto unaruka foleni na hatuombi radhi kwa hilo.

Niko TASAF, si napata moja kwa moja?

Kuwa kwenye orodha ya kaya maskini ya TASAF kunasaidia kutuonesha hali yako ila sio tiketi. Kuna watu wako TASAF nyumba zao nzuri tu, na kuna watu waliachwa kwenye uandikishaji na wanalala na mvua. Na hapana, ukirepewa nyumba na sisi hatupeleki jina lako popote ukatolewe TASAF, huo uvumi sijui ulianzia wapi.

Mbona fulani kapata na ana mtoto Dar mwenye gari?

Hili ndo swali la kila kikao. Kuwa na mtoto Dar sio kuwa na bati. Tunampigia huyo mtoto simu, tunamweleza hali ya nyumba ya mama yake, tunamuomba achangie, na wengi wakisikia kikundi cha mtaa kizima kimepiga wanatuma kitu, aibu nayo ina kazi yake. Asipotuma hatuwezi kumwacha bibi avujiwe ili kumkomoa mwanae.

Mimi mpangaji, naweza kuomba?

Nyumba ya kupanga mwenye jukumu ni mwenye nyumba, tukiitengeneza tumemtengenezea yeye na mwezi ujao anakupandishia kodi au anakutoa. Tunachoweza ni kwenda na mjumbe kuongea nae. Ila ukiwa umekaa bure kwa hisani, mfano umeachiwa nyumba uilinde, njoo tuzungumze, hapo itahitajika karatasi ya mwenye mali (soma fungu linalofuata lote, usiruke).

Naweza kumuombea jirani yangu ambaye anaona haya?

Ndio, na ndo majina mengi yanavyoingia. Watu wa kwetu huku kuomba ni kazi, hasa wazee wa kiume, babu atakwambia "namshukuru Mungu, nyumba ipo" na ukiingia ndani unaona beseni kwenye kiti, sufuria juu ya kitanda na godoro limekunjwa pembeni. Sisi tukienda hatusemi tumekuja kukusaidia, tunapiga hodi, shikamoo, tunakaa barazani, tunaongea korosho na mvua, alafu mtu mkubwa kuliko wote kati yetu ndo anaingiza habari.

## Karatasi na ndugu

Fungu hili ni refu na kuna sababu. Paa tunamaliza kwa siku mbili tatu, ugomvi wa nyumba ni ya nani unaweza ukachukua miaka. Kibanda kikiwa kinavuja hamna ndugu anayekikumbuka, kikipigwa bati mpya tu ndugu wa Newala wanakuja, wa Tandahimba wanakuja, wa Dar anapiga simu. Ndo mana kwetu karatasi inatangulia nyundo.

Sina hati wala ofa, nimekaa hapa toka zamani. Itakuwaje?

Wengi mko hivo, hatudai hati miliki. Tunataka mojawapo ya vitu hivi: leseni ya makazi, karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa hata kama imechanika, au kama hamna kabisa barua ya mwenyekiti wa mtaa ikiwa na majirani wa pande zote wanaothibitisha kwamba hapo ni pako. Majirani waje wenyewe, sio majina tu. Kama kiwanja kina kesi mahakamani au baraza la ardhi tunasubiri iishe, hata kama nyumba inaoza. Inauma ila tukigusa tunageuzwa mashahidi.

Kwanini mnataka ndugu wasaini wakati nyumba ni yangu?

Kama umejenga au kununua mwenyewe na unaishi mwenyewe hatuhitaji ndugu. Tunawahitaji pale nyumba ilipokuwa ya mtu aliyefariki na mirathi haijafunguliwa, na nyumba nyingi za zamani ziko hivo. Karatasi yetu ni fupi sana, inasema ndugu wanajua nyumba inarepewa, wanajua fulani ndo anayekaa humo, na kurepewa kwake hakumpi mtu haki mpya wala hakumnyang'anyi mtu haki yake. Inasomwa kwa sauti kwanza mana wengine hawasomi, alafu wanasaini au wanaweka dole gumba mbele ya mjumbe.

Mume wangu alifariki, mashemeji wanasema nyumba ni ya ukoo wao na mimi nitoke. Mnaweza kurepea?

Mama, usitoke. Na usisaini kitu chochote kwasababu shemeji kaja na karatasi.

Sisi sio mahakama, ila tunachojua na kila mjane ajue ni hiki: mali ya marehemu haigawiwi barazani na shemeji mkubwa, kunatakiwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi za huku, za Kiislamu na za kimila, shughuli hiyo inaanzia mahakama ya mwanzo. Kwa mirathi ya Kiislamu mke ana fungu lake linalojulikana, moja ya nane kama marehemu ameacha watoto na moja ya nne kama hakuacha, hayo hata shehe wa msikiti wenu atakuthibitishia. Na kile mlichochuma pamoja, yani kiwanja mlinunua wote na wewe ulikuwa unabangua korosho na kuuza maandazi kupata hela ya tofali, hicho ni hoja nyingine, kiseme mwanzo kabisa usisubiri kuulizwa. Nenda kwa wasaidizi wa kisheria, huduma yao ni bure na ipo kwa sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata watakuelekeza walipo.

Upande wetu tunafanya tu kazi ya dharura: turubai, kuegemeza ukuta, kufunga mlango uweze kulala salama. Bati mpya zinasubiri msimamizi apatikane. Kuna wajane wametukasirikia kwa hili na tunawaelewa, lakini paa jipya kwenye nyumba yenye ugomvi linawapa mashemeji sababu ya kuharakisha.

Nyumba yangu imepigwa X, mtanitengenezea?

Inategemea X ya nini. Kama iko ndani ya hifadhi ya barabara hatugusi. Kwa barabara kuu na za mkoa sheria ya 2007 inasema mita 30 kila upande toka katikati ya barabara, kwahiyo kabla hujaja pima kwa hatua zako mwenyewe upate picha. Kama ni X ya kupisha mradi na umeahidiwa fidia, usirepee kitu kikubwa kabla hujaongea na mthamini, tathmini ikishafanyika bati unazoongeza baadae hazitahesabiwa. Turubai tutakupa.

## Kazi yenyewe

Mnaanza na nini?

Paa kwanza, siku zote. Kuna watu wanatuomba tuanze ukuta kwasababu ndo unaoonekana na wageni. Ukuta wa udongo ukiwa mkavu juu na chini unakaa miaka mingi sana, ukiloa juu unashuka wenyewe hata ukandike kila mwaka. Baada ya paa ni chini ya ukuta, pale matone yanaporuka yakitoka upenuni: tunajenga kibaraza cha mawe kuzunguka, tunachimba mfereji maji yasikae, na upenu tunautoa nje kama nusu mita na zaidi. Nyumba nyingi zinazoanguka huku zinaanzia kwenye sentimita hizo chache za chini.

Mnajuaje nyumba inarepeka au ni ya kubomoa?

Bisibisi. Fundi anachuchumaa kwenye nguzo ya kona, anakwangua udongo pale chini usawa wa kifundo cha mguu, anachomeka bisibisi kwa mkono tu bila nyundo. Ikigoma nguzo nzima. Ikizama mpaka mpinini na kutoka na ule unga wa mchwa, hiyo nguzo ni ganda, kinachosimamisha nyumba ni udongo na mazoea. Anazunguka kona zote alafu za katikati. Kona moja au mbili zikiwa mbovu tunaegemeza, tunakata, tunaweka nguzo mpya iliyopakwa dawa au oili chafu sehemu inayoingia ardhini. Kona zote zikizama tunamwambia mwenyewe ukweli kwamba hii hairepeki, na hapo anaingia kwenye orodha nyingine ambayo tunaomba nguvu za watu wa nje.

Nyufa nazo tunaziwekea alama ya penseli kwenye ncha mbili na tarehe. Tukirudi baada ya wiki kadhaa ufa ukiwa umepita alama ujue ukuta unatembea, ukiwa pale pale ni wa kuziba tu.

Makuti au bati?

Watu wanadhani makuti ni alama ya ufukara ndo mana kila mtu anataka bati, lakini kwa joto la Mtwara mwezi wa kumi na mbili nyumba ya makuti unalala, ya bati unaoka. Ubaya wa makuti ni kwamba baada ya miaka michache yanataka kuezuliwa na kuezekwa upya, yanashika moto, na kwa bibi aliye peke yake hamna wa kumshonea viungo kila mara. Kwahiyo mara nyingi tunaweka bati. Mwenyewe akisema anataka makuti na jiko liko mbali na nyumba, tunaezeka makuti vizuri na tunafurahi mana ni rahisi pia.

Kitu kimoja: makuti yanavumilia fito zilizopinda, bati halivumilii. Ukihama toka makuti kwenda bati unabadilisha na kenchi na papi zote, yani mbao zinazobeba bati, zinyooke, na gharama inakaa hapo kuliko kwenye bati lenyewe.

Geji gani mnatumia?

Namba ikishuka bati linazidi unene, yani geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Watu wengi wanakuja na 32 walizonunua kwa bei rahisi na huku tuna hewa ya chumvi, bati jembamba linakula kutu haraka. Sisi hatushuki chini ya unene wa geji 30, na kwa nyumba zilizo karibu na maji tukipata 28 tunaweka hiyo. Msumari wa bati, wenye kofia na mpira wake, unapigwa kwenye mgongo wa bati sio bondeni, maji yanapita bondeni. Ukiona fundi anapiga bondeni kwa kuwa ni rahisi kulenga, msimamishe hata kama ni wa kikundi chetu.

Upepo je? Bati si zitaruka?

Zinaruka zisipofungwa. Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, kiliishia kupiga Msumbiji ila watu hapa Mtwara walihamishwa, na Hidaya wa Mei 2024 alitupa mvua na upepo wa kutosha, barabara ya Dar kule upande wa Kilwa ikakatika. Wazee wa Lindi bado wanahadithia kimbunga cha 1952. Kwahiyo tunafunga kila kenchi kwenye nguzo au kwenye boriti ya juu ya ukuta kwa waya mzito au chuma bapa, sio misumari tu, na kwenye kingo za paa misumari inakaa karibu karibu mana upepo unaanzia kufunua pembeni. Bati ni jepesi kuliko makuti, ukiezeka bati bila kufunga umetengeneza tanga.

Mbona mnakataa kupiga plasta ya simenti kwenye ukuta wa udongo? Simenti si inatengenezwa hapa hapa Mtwara?

Inatengenezwa hapa ndio, kiwanda cha Dangote kipo, lakini sio kila kitu kipakwe simenti. Udongo unavuta unyevu na kuachia, unavimba na kusinyaa, simenti haisogei nao, kwahiyo baada ya msimu mmoja unagonga unasikia pango, msimu wa pili linadondoka bamba zima na udongo wake. Tunakandika kwa udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, tabaka la mwisho tunatia chokaa kidogo. Mwenye hela ya simenti tunamshauri aiweke kwenye kibaraza cha chini na sakafu.

Naweza kuwaletea mchanga wa ufukweni na boriti za mikoko?

Mchanga wa baharini hapana, una chumvi, unakula nondo na ukuta unabaki na unyevu hauishi. Mikoko hapana vilevile isipokuwa una kibali cha TFS, wakala wa misitu, mkononi, na ukanda wa Msimbati mpaka mdomo wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari toka 2000. Tunajua boriti ya mkoko ni ngumu na babu zetu wote walijengea hiyo. Kikundi kikikamatwa nazo hata nyumba moja hatutarepea tena.

Choo mnatengeneza kwanini wakati nyumba zenyewe haziishi?

Mana choo kilichotitia kinaua mtu, tena mzee asiyeona vizuri usiku. Tunamwaga sahani ya zege yenye nondo na tundu dogo, tunazungushia, tunaweka na kamba au mti wa kushikilia kwa asiyeweza kuchuchumaa na kuinuka. Kazi ya siku moja ukiacha zege kukauka, na zege lisikanyagwe wiki nzima jamani, limwagiwe maji.

Mnafanya kazi miezi gani?

Juni mpaka Oktoba. Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, inaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, na hatuezui paa la mtu wingu likiwa juu. Juni na Julai kusi linavuma kwahiyo bati tunapandisha asubuhi mapema kabla upepo haujachachamaa. Shule zikifunga watu wengi wako kwenye jando na unyago, siku hizo usipange kazi, hutapata fundi wala mpishi. Dharura zinafanyika mwaka mzima.

## Michango na hela

Nachangaje?

Mwanachama ni buku mbili kwa mwezi, asiye mwanachama chochote. Hela, misumari, mbao, siku yako ya kazi, chakula, usafiri wa guta, vyote vinaandikwa kwenye daftari. Tuma kwenye lipa namba ya kikundi tu, hamna mtu anayepokea michango kwenye simu yake binafsi hata akiwa mwenyekiti.

Kwanini mnachangisha sana msimu wa korosho?

Mana ndo hela ipo mtaani, minada inaanza Oktoba na malipo yakiingia kila mtu anapumua. Shida ni kwamba hela inakuja na mvua nayo inakuja, kwahiyo ukisubiri kununua Juni hela imeshaliwa yote. Sisi tunanunua bati na mbao Novemba mpaka Januari na kuzitunza mpaka kiangazi. Kwahiyo ukiona stoo imejaa bati mwezi wa pili na bibi wa jirani anavujiwa, hatujaficha, zina majina tayari na paa lake haliezuliwi kwenye mvua, atakuwa na turubai.

Fundi analipwa?

Mkuu anayesimamia paa analipwa nusu ya bei ya mtaani. Saidia fundi ni watu wa kujitolea. Tulibishana sana ila fundi nae ana watoto, na ukimtegemea wa bure siku akipata kazi ya kulipwa anakuacha na paa wazi, na ni haki yake.

Mbona hamchukui mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi?

Ile ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu (nne, nne, mbili), haina riba ila inarudishwa, na inarudishwa na biashara. Bati la bibi halizalishi. Kina mama wetu wana kikundi chao kingine cha mradi, huko ndo waombe.

Nitajuaje hela haziliwi?

Risiti zote zinabandikwa kila mwisho wa mwezi kwenye ubao nje kwa mjumbe, akaunti ina sahihi tatu, na bati zinahesabiwa mbele ya mwenye nyumba kabla ya kupanda na baada ya kushuka vipande. Ukiona namba haziendani uliza kikaoni, sio pembeni ya genge.

## Mengineyo

Mgombea akitaka kutoa bati mnapokea?

Tunapokea, zinaingia stoo kama za mtu yeyote na zinaenda kwa foleni ile ile. Hachagui nyumba, havalishi mtu fulana, hapigi picha juu ya paa. Wengi wakisikia hayo wanaghairi.

Na nyie picha mnapiga?

Za nyumba, kabla na baada. Za mtu akikubali tu, na akikataa hapotezi nafasi. Picha ya bibi ameshika bati huku analia hutaiona kwetu.

Paa langu ni la zile shiti za zamani za asbesto, mtazitoa?

Hapana. Zikiwa zima usizikate, usizitoboe, usizisugue, vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Muone afisa afya wa kata au mazingira manispaa wakuelekeze. Na zilizovunjika usijengee banda la kuku, tumeona.

Nyumba yetu Mikindani ni ya mawe ya kale, mnaweza?

Iko nje ya mtaa wetu lakini swali linakuja sana. Yale ni mawe ya matumbawe na chokaa, usikubali fundi akupigie simenti, ni shida ile ile tuliyoeleza kwenye plasta ya ukuta wa udongo ila mbaya zaidi, unyevu unafungiwa ndani na jiwe linaanza kubanduka. Tafuta fundi wa chokaa, wapo wazee Mikindani bado wanaijua. Na ulizia manispaa kabla hujabomoa hata baraza, majengo ya kale yana sheria yake.

Siku za kazi mgonjwa wetu atalala wapi?

Hilo linapangwa kabla ya tarehe. Kwa jirani kwanza, mana anajua dawa zake na choo kiko karibu. Aliyelazwa hospitali ya Ligula tunaweza kufanya kazi akiwa huko, ila awe amekubali mwenyewe na ndugu mmoja asimamie vitu vyake.

Mtu akirepewa alafu akauza nyumba?

Mali ni yake, hatuwezi kumzuia kuuza. Kwenye karatasi anasaini kwamba akiuza au kupangisha nyumba nzima ndani ya miaka mitatu anarudisha thamani ya vifaa kwenye mfuko, na wapo waliorudisha. Asiyerudisha hatumpeleki polisi, jina lake halirudi kwenye foleni basi. Kama kauza kwasababu ya matibabu kikao kinasamehe.

Na akifariki?

Nyumba inaenda kwa warithi kwa mirathi kama kawaida, sisi hatudai kitu na bati hatung'oi. Ile karatasi ya ndugu inatolewa nakala kwa msimamizi wa mirathi akiihitaji, nyingine inabaki kwa mjumbe.